Baba Hajala

Wifi yangu Queen alikuwa na desturi ya kuja kwetu Mkolani na maji yake mwenyewe. Chupa ya dukani, kifuniko hakijafunguliwa, kaibeba kwenye mkoba kutoka Kirumba mpaka kwenye kochi langu. Nikimletea chai anasema ameshiba. Nikimletea chungwa, tunda ambalo Mungu mwenyewe kalifunga kwa ganda lake, anasema linamletea kiungulia. Mwanamke anauza samaki Mwaloni tangu alfajiri, anaingia kwangu saa ya chakula cha mchana, eti ameshiba! Nilijua maana yake. Mgeni asiyeweka kitu mdomoni nyumbani kwako anakuwa amekwisha kukuhukumu, kilichobaki ni kukutangaza tu.

Jumapili moja hakukaa hata kwenye kochi. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwenye kona ya sebule tunapoweka mtungi wa dawa. Hatuna friji, kwa hiyo kliniki walitufundisha kuhifadhi insulini ya baba mkwe kwa njia hiyo: kichupa ndani ya kopo, kopo ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa. Queen akafunua, akatoa kichupa, akakiinua dirishani kwenye mwanga.

“Wifi, hii dawa mbona haipungui?”

“Inapungua.”

“Wapi? Mtu anachoma asubuhi na jioni, halafu chupa imejaa hivi?” Akanigeukia. “Au unaiongezea maji?”

Nilihisi masikio yananiwaka moto. Niliogopa nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo hayarudi, basi nikachukua beseni nikatoka uani kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Nikiwa huko nikamsikia anamsalimia baba yake barazani.

“Shikamoo baba.”

“Malahaba, Kwini.”

“Umekula, baba?”

“Sijala.”

“Tangu lini?”

“Ah! Siku nyingi.”

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu mpole anayevumilia mateso, na majirani wawili wanapita njiani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba mkwe wangu, Mzee Nkwabi, alikuja kukaa nasi alipoanza kuumwa. Zamani alilima pamba huko Magu, mtu wa misuli. Kisukari kilimkuta uzeeni, na kwa kuwa alipenda kuvaa katambuga, zile ndala za tairi, msumari ulipotokeza ukamchubua kidole kidogo cha mguu wa kulia bila yeye kuhisi. Mpaka tunagundua, kidole kimekuwa cheusi. Daktari alitwambia wazi: kidole hicho kimekwisha, kitakatwa. Sukari ikishuka kabla ya mwisho wa mwezi, atakata kidole peke yake. Isiposhuka kidonda kitapanda, na hapo atakata hapa. Akagusa chini ya goti lake mwenyewe ili tuelewe.

Queen, aliyekuwa nasi siku hiyo, alisubiri tutoke nje ya geti la hospitali ndipo akaniambia, tena kwa sauti ya chini kabisa, “Mguu wa baba ukikatwa, wifi, na wewe ujue pa kwenda.”

Mume wangu Luhende ni fundi wa mashine za mitumbwi, na kazi ilikuwa imempeleka Ukara. Kila akipiga simu aliniambia nivumilie, dada yake ana mdomo tu lakini moyo hana ubaya. Kisha siku moja, katikati ya mazungumzo ya kawaida, akaniuliza, “Hivi mzee unampa chakula kweli?” Nilikata simu. Nililia kama mtoto, sitaficha. Maneno ya Queen nilikuwa nimeyazoea, lakini lile swali lilikuwa limetoka kwenye mdomo wa mume wangu.

Na mzee alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Shati lilimning'inia. Alikunywa maji usiku na mchana, alikwenda chooni kila mara mpaka nikahurumia ile fimbo yake. Mtu yeyote angepita barazani kwetu akamwona vile, kisha akamsikia anasema hajala, angefikiri nini? Hata mimi ningefikiri hivyo hivyo.

Lakini nilikuwa nampa! Tulikwenda naye kliniki, nikakaa benchi la nyuma, nikasikia kwa masikio yangu somo la Sista Nusrat. Sista huyu ni mtoto wa mjini, wazee wake wana duka la vitambaa tangu enzi za babu, binti ana sauti laini hata akikukaripia unamshukuru. Alisimama mbele ya wagonjwa na sahani ya kuchora, akasema, “Ule mlima wa ugali, wazee wangu, ndio unaowapandisha sukari. Mkiweza, muuache kabisa.” Wazee wakaguna. Akaendelea, “Na sindano inachomwa kabla ya kula. Sikiliza hapa vizuri: kama huli, usichome. Ukichoma bila kula sukari itashuka ghafla, utaanguka.” Akawauliza kama wameelewa. Tukaitika wote, tumeelewa.

Basi ugali nikaufuta. Asubuhi nampa chai isiyo na sukari na viazi vitamu vya kuchemsha. Mchana ndizi na maharage, au wali kidogo na sato. Jioni mihogo au viazi tena. Nilimwandalia mzee kuliko nilivyojiandalia mimi mwenyewe, kisha anakaa barazani anatangaza hajala! Nilijua anachotaka. Alitaka ugali, na kwa kuwa hawezi kunigombeza, ananichongea kwa wapita njia.

Hilo la dawa ndilo lililonishinda. Kwetu Usukumani mkamwana na baba mkwe wana heshima yao. Siingii chumbani kwake. Hatuli pamoja. Nikisema naye macho yangu yako chini. Na hiyo sindano inachomwa tumboni! Tumbo la baba mkwe, hata kulitaja hapa naona haya. Kwa hiyo asubuhi na jioni nilikuwa natoa kichupa mtungini, nakiweka kwenye kigoda mlangoni pake pamoja na bomba lake la sindano, nasema, “Hodi baba, dawa,” na yeye anajibu, “Haya, mama.” Nikirudi baadaye nakirudisha kichupa mtungini. Kumuuliza kama amechoma ni sawa na kumuuliza kama amevua nguo.

Baada ya maneno ya Queen, nami nikaanza kukiangalia kile kichupa. Kweli kilikuwa kimejaa. Nikajiuliza, nani anayekishika zaidi yangu? Yeye. Kila Jumapili lazima akitoe, akigeuze, akirudishe. Na mkoba wake daima una chupa ya maji. Wazo lile likanikaa: huyu mwanamke anaongeza maji kwa mkono wake, halafu ananiuliza mimi. Anataka mguu ukatwe, mimi nifukuzwe, ampeleke mzee kwake na shamba la Magu liende naye. Nikachukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu ya Krismasi, nikachora mstari mwembamba pale dawa ilipoishia.

Siku zikapita. Queen hakuja, alikuwa amebanwa na mzigo wa dagaa. Dawa ikabaki palepale kwenye mstari. Haikupanda, haikushuka.

Nilikaa kwenye kigoda kile nikiwa nimeshika kichupa, na shaka yangu ikahama kutoka Kirumba ikaingia mlango wa pili, chumbani kwa mzee. Ina maana hachomi. Anaitikia “haya mama” kisha hachomi. Kwa nini mtu mwenye akili zake aache mguu wake uoze? Nikapata jibu moja tu: wamepanga na binti yake. Anakonda makusudi ili mimi nionekane mchawi. Na siku hiyo hiyo, nikifagia baraza, nikaona kifundo cha kitambaa kinachungulia kwenye mfuko wa koti lake. Aliponiona akakisukuma ndani haraka. Kitambaa cha maua ya manjano. Nilikijua, kilikuwa kipande cha kitenge cha Queen.

Dawa za kienyeji, nikasema moyoni. Amemletea dawa za mganga, amemkataza sindano. Nilikosa usingizi. Nilimchukia mzee wa watu, nasema kweli, nilimchukia mpaka uji nilimkorogea kwa hasira.

Walikuja Jumatano bila taarifa, Queen na Sista Nusrat, katika bajaji moja. Queen alikuwa amekwenda kliniki kunishtaki. Aliingia na kichwa juu, na maji yake kwapani.

“Sista, hiyo hapo,” akasema, akionyesha mtungi. “Angalia mwenyewe. Mimi sitii neno.”

Sista hakwenda kwenye mtungi. Alikwenda barazani akapiga goti mbele ya mzee, akamsalimia, akamwomba kidole, akamtoboa kidogo na kuweka tone la damu kwenye kipimo. Kile kimashine kikafikiri, kisha kikaandika herufi mbili: HI.

“Kinamsalimia?” akauliza Queen.

“Hapana dada. Kinasema sukari iko juu mpaka kimeshindwa kuihesabu.” Sauti yake laini ilikuwa imepotea. Akanitazama mimi, tena akanitazama vibaya. “Baba, leo umekula?”

“Sijala,” akasema mzee.

“Na jana?”

“Jana sijala.”

“Umesikia!” Queen alipiga makofi. “Umesikia kwa masikio yako, sista! Mtu hali, na sukari inapanda. Inapandaje kama hakuna kitu anachowekewa? Huyu anamuua baba yangu!”

Mzee wakati huo, kwa utulivu wake wote, aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kitu, akakitia mdomoni. Shavu likavimba. Akaanza kutafuna.

Hapo heshima ya mkwe ikaniruka. Niliinua macho nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

“Na hicho mdomoni ni nini, baba?” Nilikuwa napiga kelele. “Hicho unachotafuna ni nini? Asubuhi nimekupa viazi na chai, umemaliza. Saa nne nimekupa uji, umemaliza. Unakaa mbele ya watu unasema hujala!”

Alinitazama kwa mshangao, si kwa hasira. Akatoa kile kifundo cha maua ya manjano, akakifungua juu ya paja ili kila mtu aone. Yalikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vinakuwa vitamu kama peremende.

“Hii?” akasema. “Hii si chakula. Hii ni ya kutafuna tu.”

“Na viazi vya asubuhi?” akauliza Sista Nusrat polepole.

“Ile ni chai.”

“Na wali? Mkwe wako anasema anakupikia wali.”

“Wali ni wa watoto na wagonjwa. Mimi sijala ugali tangu wewe ulipoukataza, mwanangu. Nimekutii. Mtu hajaona ugali, utasema amekula nini?”

Sista alikuwa bado amepiga goti.

“Baba,” akasema, “sindano unachoma?”

“Ulisema kama sili nisichome.” Mzee alinyoosha mikono yake mitupu, mtu anayeeleza jambo lililo wazi. “Ulisema nitaanguka. Kila siku mkamwana ananiletea dawa, namwitikia kwa heshima. Lakini sijala. Nitachomaje?”

Barabarani pikipiki ilipita, mbwa akaikimbiza, akarudi. Mimi mwenyewe nilikuwa pale kliniki. Nilisikia somo la ugali, nikasikia na somo la sindano, nikaitika yote mawili pamoja na wale wazee. Sikuwahi kuyaweka sahani moja.

Sista alitugeukia mimi na Queen. “Na ninyi pia mnasema hivyo? Mtu akila wali na samaki akashiba, hajala?”

“Hajala,” tukajibu.

Tulijibu pamoja, kwa sauti moja, mimi na wifi yangu. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza tulikubaliana jambo tangu nimeingia katika ukoo ule. Queen akanitazama, kisha akatazama pembeni.

“Kwetu wali ndio chakula,” Sista alisema, zaidi kama anajiambia mwenyewe. “Nimefundisha hapo miaka yote nikidhani tunazungumza neno moja.” Akaokota tobolwa moja, akaligeuza. “Haya, baba, nani anakuletea?”

“Kwini. Nilimwambia sijala, akanihurumia.”

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nayo mengi, ya Jumapili zote, na kila moja lingempata. Lakini Queen alikuwa ameweka mkono mdomoni na uso wake umebadilika, na nilimjua mtu anayehesabu vifundo alivyoleta. Nikayaacha.

Sista alijivika ukali kidogo, akakaa chini kabisa sakafuni, akaanza upya. Kila kitu kinachopita mdomoni ni chakula, alisema, isipokuwa maji na dawa. Viazi ni chakula. Uji ni chakula. Matobolwa ni chakula, tena kikali. Mzee alimsikiliza kwa adabu, lakini niliona usoni kwake kwamba hakubali. Ungemwambia ng'ombe ni samaki angekusikiliza hivyo hivyo. Sista naye aliliona. Akabadili njia.

“Basi ugali utakula, baba.”

Mzee alikaa wima.

“Asubuhi na jioni. Mdogo, wa dona, na mboga nyingi pembeni. Kabla hujaula, unachoma. Viazi na matobolwa vinaondoka. Ukubwa ni wa ngumi yako, usizidi.”

Mzee Nkwabi alikunja ngumi akaiinua. Ilikuwa ngumi ya mtu aliyeshika jembe miaka hamsini, ingetosha chakula cha watu watatu. Sista aliitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuwa ya kucheka peke yake.

“Ngumi yangu mimi,” akasema, akaikunja yake ndogo yenye hina kwenye kucha. “Wifi wote wawili, itazameni vizuri.”

Kisha akamwomba mzee amweleze yeye, kama vile sista ndiye mgonjwa, nini kinaanza na nini kinafuata. Mzee akaeleza: sindano, kusubiri, ugali wa ngumi ya sista. “Na ukitafuna tobolwa barazani?” akamuuliza. Mzee akakitazama kile kifundo. “Itabidi niseme nimekula,” akajibu, kwa uchungu mkubwa.

Siku ileile walimpeleka hospitalini wakamlaza mpaka sukari ilipotulia. Kidole kilikatwa, na pamoja nacho kipande kidogo cha wayo kilichokuwa kimeguswa. Goti walilipita mbali. Alirudi nyumbani na mguu wake, anachechemea, anamsimulia kila mgeni kwamba ameruhusiwa ugali na serikali.

Luhende alipiga simu kuomba msamaha na nikamwacha aombe vizuri. Queen hakuomba. Wiki mbili hakuonekana kabisa, alituma sato tu kwa bodaboda, na mimi sikumpigia kushukuru.

Kisha Jumapili moja nilikuwa jikoni nasonga. Ngumi ya sista nilikuwa nimekwisha kuitenga kwenye sahani ya Baba, na mzee chumbani nilimsikia anahesabu kwa Kisukuma, anavuta dawa. Nikahisi mtu mlangoni. Queen. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mkoba begani, mikono mitupu. Hakuwa na chupa ya maji.

Kwenye kitenge chake palikuwa na vipande vya chapati, na midomo iling'aa mafuta. Alikuwa ametoka kunywa chai nzito huko Mwaloni, yeyote angeona. Aliutazama ugali kwenye sufuria, hakunitazama mimi.

“Wifi,” akasema, “sijala.”

Nilisimama na mwiko mkononi. Kisha nikamsogezea kigoda kwa mguu, nikaongeza unga.